Sinema Aliyoichagua Babu wa Ardhi

Liau Bun-seng alikuwa na kazi ambayo ukimwelezea mtu wa mjini anadhani unamtania. Alionyesha miungu sinema. Miungu, si watu. Watu wakija ni hiari yao. Huku kwetu mkoani Yunlin mtu akijaliwa alichoomba, mtoto akapona, au mvua ikajizuia siku ya kuvuna, anamwendea Seng. Seng analeta lori lake dogo, anatundika kitambaa cheupe kukabili mlango wa hekalu, anawasha mashine, na mungu anatazama picha yake kwa raha zake. Hiyo ndiyo shukrani. Miaka nenda miaka rudi watazamaji wake katika kijiji cha Lunateng walikuwa Babu wa Ardhi, mungu mlinzi wa kijiji, ndani ya kihekalu chake, mbwa wawili, na Bibi Ke-hoa, aliyekuwa na miaka tisini na televisheni iliyokufa.

"Vipi Seng, leo ukumbi umejaa?" watu walimchokoza wakipita.

"Umejaa," alijibu. "Mwenye nyumba yupo."

Hakuwa mtu wa hasira. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, mwembamba, vifungo vya shati vimefungwa mpaka shingoni hata jua liwake vipi, na hakuoa. Hilo la kutooa tulilisema mpaka likatuchosha. Kwanza tulisema ni mkaidi, halafu tukasema ana ugonjwa, mwisho tukasema ni mtu wa miungu huyo, mwacheni, na hapo tukatulia. Ndivyo tulivyo Lunateng: tukishapata jibu la kutupa usingizi, hatuchimbi tena. Na jibu la kweli lilikuwa likitupita mbele ya pua kila asubuhi juu ya pikipiki ya kijani, likitupungia mkono. Jina lake Teng Khun-tek.

Seng alikuwa na miaka ishirini na miwili na Tek ishirini na minne walipong'oa vitunguu saumu pamoja katika shamba la baba yake Tek. Walikaa mkabala wakisuka mashada, wakashindana nani ana mikono myepesi, wakachekana, na kabla msimu haujaisha walikuwa wanapendana. Nasema wanapendana kwa sababu nimechoka kuzungukazunguka neno lenyewe. Walipanga waondoke. Walisikia bandarini Kaohsiung kuna kazi, na mji ni mkubwa, hakuna anayeuliza wanaume wawili kwa nini wanalala chumba kimoja.

"Lakini siwezi kuondoka bila kumuuliza Babu," Tek alisema.

Seng hakushangaa. Nani huku huondoka bila kumuuliza Babu? Unaingia, unawasha udi, unashika vile vibao viwili vyekundu vya umbo la mwezi mchanga, upande mmoja bapa, upande mmoja mbinuko, unauliza, unavirusha. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mbinuko juu, amekubali. Vyote vikionyesha ubapa, anakucheka, uliza tena. Vyote vikionyesha mbinuko, amekataa. Na kwa jambo kubwa huulizi mara moja, unataka jibu moja mara tatu mfululizo.

Tek aliingia peke yake alfajiri. Seng alimngoja kando ya uzio wa mianzi, begi lake miguuni. Tek alipotoka, uso ulikuwa umemwiva kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

"Amekataa," alisema. "Mara tatu."

Basi. Seng hakubisha. Ungebisha vipi? Na binadamu unagombana naye, unamshika shati, unamwita mwoga. Babu wa Ardhi akikataa mara tatu unachukua begi lako unarudi nyumbani. Baada ya mavuno Tek alimwoa Siu-gim wa kijiji cha jirani, na Seng alikaa meza ya tatu siku ya harusi, akala, akanywa, akaimba vibaya kuliko wote.

Mwaka uliofuata akatafuta mashine ya kuonyeshea sinema. Sisi tulidhani anapenda sinema. Hata! Alikuwa anabembeleza. Aliwaza hivi: Babu ni mzee, na mzee ukimkalia karibu, ukamchekesha, ukamwonyesha mambo mazuri, moyo wake hulainika. Siku moja atabadili neno lake. Hata kama mimi na Tek tutakuwa tumezeeka na hatuna tena pa kwenda, nataka tu nisikie amelibadili. Hilo tu ndilo alilolitaka duniani. Na kwa miaka arobaini na moja hakuthubutu kushika vibao amuulize mwenyewe, kwa sababu asingeweza kustahimili kukataliwa mara ya pili.

Sasa ukaja ule mwaka wa ukungu. Vitunguu saumu vilioza chini kwa chini. Unashika majani mabichi mazuri, unavuta, kinachotoka ni uji mweupe unaonuka. Watu walikuwa hawalali. Na mwaka huohuo zamu ya uenyekiti wa hekalu ilimwangukia Tek, ambaye siku hizi alikuwa babu wa wajukuu watano, goti la kulia bovu, na bado mtu wa kuchoma udi asubuhi na jioni bila kukosa. Hakuwahi kula hata yai la bata kabla hajamwonyesha Babu.

Ikafika sikukuu ya kuzaliwa kwa Babu, siku ya pili ya mwezi wa pili. Kamati ilitaka sinema, na Seng alileta orodha ya picha kumi kama kawaida, Babu achague. Lakini orodha ya safari hii haikuwa ya kawaida. Namba saba ilikuwa picha aliyoipata kwa jamaa mmoja wa mji wa Huwei anayemjazia picha kwenye diski yake. Aliifungua bila kujua ni nini, akaitazama peke yake ndani ya lori, akairudia palepale, na alipotoka ukosi wa shati ulikuwa umelowa. Ilikuwa habari ya vijana wawili wa kijijini, mwenye shamba na kibarua wake, waliopendana msimu mmoja wa mavuno. Iliitwa Msimu wa Vitunguu Saumu.

Aliiandika namba saba. Akajiambia: kama Babu bado ananikasirikia, ataipita. Kama amelainika, ataichukua. Hivyo nitakuwa nimeuliza bila kufungua mdomo.

Asubuhi ile kamati nzima ilisimama uwanjani, keki nyekundu za umbo la kobe zikifuka mvuke mezani. Seng alisoma, Tek alirusha vibao pale mbele ya wote. Namba moja, ya mapanga: amekataa. Namba mbili, ya mizimu: anacheka. Ya tatu, ya nne, ya tano, hakuna. Ya sita alikubali mara moja kisha akacheka.

"Namba saba," Seng alisoma. "Msimu wa Vitunguu Saumu."

Tek alirusha. Amekubali. Akarusha tena. Amekubali. Mara ya tatu kibao kimoja kilizunguka sakafuni kama sarafu, kikazunguka, kikazunguka, kikalala. Amekubali!

Seng alikaa chini palepale kwenye ngazi. Alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumshika Tek mkono mbele ya kamati yote. Lakini katibu Lo alikuwa ameshaanza kurukaruka.

Huyu Lo alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na alizungumza na kila mtu kama vile hajafanya kazi za nyumbani. "Mnaona! Mnaona jamani! Babu anajua shida yetu! Hiyo ni picha ya kilimo! Ni ya ukungu hiyo! Ee Seng, si ni ya vitunguu?"

"Vitunguu vimo," Seng alisema. "Vingi sana."

Uongo haukuwa. Lakini nusu saa baadaye kipaza sauti cha kijiji kilikuwa kinanguruma mpaka mashambani: "Ndugu wanakijiji! Leo jioni Babu wa Ardhi mwenyewe atatufundisha kupambana na ukungu! Kila nyumba itoe mtu asiyepungua mmoja! Na kalamu!"

Loo, jioni ile! Mtu aliyezoea mbwa wawili alitazama uwanjani akaona watu zaidi ya mia, wamepanga vigoda safu kwa safu, daftari magotini, tambuu mashavuni. Bibi Ke-hoa alikuja na kalamu mbili, moja ya akiba. Siu-gim, mke wa Tek, alikaa safu ya mbele na ungo wa karanga. Seng alitokwa jasho kwenye baridi.

Tek alimfuata kwenye mashine. "Mbona umekuwa mweupe hivyo, kaka? Umekula?"

"Tek, hii picha..."

"Ina nini?"

"Siyo ya ukungu."

"Ya nini basi?"

"Anza, Seng!" Lo alipiga makofi. "Babu asingojeshwe!"

Taa za hekalu zilizimwa ili kitambaa kionekane vizuri, na picha ikaanza.

Dakika ishirini za kwanza mambo yalikuwa shwari kabisa. Lilionekana shamba, umande, mikono inang'oa vitunguu, na watu wetu walitazama kama wakaguzi. "Anavuta vibaya huyo, atakata shingo ya kitunguu!" "Jembe gani hilo?" "Udongo mzuri lakini." Lo aliandika. Wale vijana wawili wa kwenye picha walikaa mkabala wakisuka mashada, wakashindana mikono, wakacheka. Seng hakutazama kitambaa. Alimtazama Tek, aliyesimama kando ya nguzo ya hekalu, na akaona kidogokidogo mgongo wake unanyooka, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

Halafu, nyuma ya fungu la vitunguu lililozidi urefu wa mtu, yule mwenye shamba alimshika kibarua wake usoni kwa mikono yake miwili yenye udongo, akambusu.

Wale waliokuwa wanatafuna tambuu waliacha kutafuna. Chupa ya chai ilianguka mahali fulani ikabingirika mpaka ikagonga ukuta, na hakuna aliyegeuka kuiangalia. Mama mmoja alimziba mumewe macho, si mtoto wake, mumewe. Na wale kwenye kitambaa walikuwa bado wanabusiana, jamani, hawakuwa na haraka yoyote.

Bibi Ke-hoa ndiye aliyevunja kimya. "Sasa dawa ya ukungu," aliuliza, kalamu ikiwa tayari, "wanaitaja saa ngapi?"

Uwanja ulilipuka. Kuna waliopiga kelele, kuna waliovunjika mbavu, kuna aliyesema "Mama yangu wee!" na kuna aliyesimama apate kuona vizuri. Lo alikuwa mwekundu mpaka kwenye upara. "Zima! Zima uchafu huo! Mbele ya Babu! Seng, nimesema zima!"

Mkono wa Seng ulikwenda kwenye swichi wenyewe, kwa mazoea ya mtu aliyetii maisha yake yote. Ukafika. Ukakaa hapo.

"Siwezi," alisema.

"Nini?"

"Siwezi! Hii si yako, Lo! Si yenu nyote! Mliletewa nyinyi? Ni ya Babu, kaichagua mwenyewe mara tatu, macho yenu yameona! Mnataka ikatishwe, muulizeni mwenyewe!"

Hakuna mtu Lunateng aliyekuwa amewahi kumsikia Seng akipaza sauti. Hata mbwa walinyamaza. Na tatizo ni kwamba alikuwa na haki. Picha iliyokwisha kupewa mungu huikatishi katikati kama unavyozima redio, unaomba ruhusa. Lo alijua. Wote tulijua. Macho yakaanza kumtafuta mwenyekiti.

Tek alikuwa ameganda pale kwenye nguzo.

"Haya, baba Chi-liong," mkewe alimwambia kutoka safu ya mbele, bila kuacha kumenya karanga. "Mwenyekiti ni wewe. Nenda kaulize."

Kihekalu cha Babu wa Ardhi ni kidogo, mtu mmoja akipiga magoti mbele ya meza kimejaa. Na kulikuwa giza. "Nimulikie," Tek alimwambia Seng bila kumtazama. Kwa hiyo Seng alichukua tochi, akasimama mlangoni nyuma yake, na mwili wake ukawaziba wengine. Nje kamati walinyoosha shingo na kuona migongo miwili tu.

Tek alishuka magotini, goti bovu likilia. Miaka arobaini na moja Seng alikwepa kusikia swali hili likiulizwa, na sasa linaulizwa na mtu yuleyule, mahali palepale, naye ameshika tochi.

"Babu," Tek alisema kwa sauti ya kusikika nje, "unataka tuikatishe?"

Akarusha. Vibao viligonga sakafu. Seng akamulika. Kimoja bapa juu, kimoja mbinuko juu.

Amekubali. Anataka ikatishwe.

Lakini kabla Seng hajavuta pumzi, mkono wa Tek ulikuwa umeshavizoa vile vibao, haraka kama kuku anavyodonoa punje, na sauti yake ikatoka nje ya mlango bila hata kutetemeka: "Anacheka!"

Tochi ilimcheza Seng mkononi.

"Shika vizuri," Tek alinong'ona.

Akarusha tena. Safari hii bapa zote mbili, kweli kabisa. "Anacheka!" Akarusha ya tatu. Mbinuko zote mbili. "Amekataa! Babu amekataa! Picha iendelee!"

"Kamuulize vizuri," Lo alilalamika nje. "Mara tatu mfululizo..."

"Mwalimu, nimemuuliza. Unataka nimkere Babu siku yake ya kuzaliwa? Kaa."

Lo alikaa, lakini aligeuza kiti chake akaipa picha mgongo, akabaki anamkodolea macho Babu mpaka mwisho. Watu kama thelathini walibeba vigoda vyao wakaenda zao wakitemeana maneno. Waliobaki walibaki. Hakuna aliyeandika kitu tena. Bibi Ke-hoa alimuuliza jirani yake yule mrefu ni mtoto wa nani, na jirani akamwambia ni mtu wa kwenye picha tu, na bibi akasema hata hivyo ni kijana mzuri.

Seng alirudi kwenye mashine yake akiwa kama mtu aliyepigwa rungu. Si kwa ajili ya kubusiana, hilo alikuwa ameliona mara mbili. Na kuhusu kukatisha, Babu hakuwa amesema neno la maana, amekubali mara moja, amecheka, amekataa, hayo si majibu. Kumbe hata ule uongo haukuhitajika! Tek angenyamaza tu akarusha tena, mambo yangekwenda vilevile. Lakini alidanganya. Teng Khun-tek, mtu wa yai la bata, alipiga magoti mbele ya Babu akatamka uongo kwa sauti kubwa, na paa halikuanguka.

Kumbe inawezekana, Seng aliwaza. Mtu anaweza kutoka pale mlangoni akasema lolote.

Na wazo la pili likamjia taratibu, akajaribu kulifukuza, likakataa kutoka.

Kwenye kitambaa mama wa mwenye shamba alikuwa anamtafutia mwanawe mchumba. Tek alikuja akasimama kando ya lori. Walitazama pamoja kwa muda, mabega yao yakiwa na nafasi ya mtu mmoja katikati.

"Umedanganya," Seng alisema chini kwa chini.

"Mara moja tu."

"Mbele ya Babu."

"Aliona mwenyewe. Tutaelewana naye."

"Hukuwa na haja. Ya pili alicheka."

"Ningejuaje kama atacheka? Niliogopa." Tek alijikuna shingo. "Nilitaka kuona inavyoisha."

"Na ile asubuhi?"

"Asubuhi gani? Ya leo? Ya leo wote wameona."

"Usijifanye mjinga, Tek. Unajua asubuhi gani. Nilikuwa na begi."

Kwenye picha harusi ilikuwa inafungwa na fataki zililipuka, na mwanga wake ukampita usoni mwekundu, kisha mweupe.

"Usiniulize hapa, Seng."

"Nitakuuliza wapi? Miaka arobaini namchezea sinema yule mzee nikimbembeleza abadili neno lake. Nimemwonyesha picha mpaka nimemaliza macho yangu. Nataka kujua kama alilisema. Alikataa?"

"Seng."

"Alikataa mara tatu, au alikataa mara moja ukaongeza zako mbili?"

"Hakukataa."

Seng alimgeukia. "Alikubali?"

"Hakukubali." Tek alikuwa anatazama miguu yake. "Sikurusha."

"Nini?"

"Vibao. Sikuvirusha. Nilipiga magoti, nikavishika mpaka kijiti cha udi kikaisha, halafu nikavirudisha mezani nikatoka."

"Kwa nini?"

"Niliogopa angekubali."

Kwenye kitambaa yule kibarua alikuwa amepanda juu ya lori lililojaa vitunguu, lori limewashwa, na yule mwingine amesimama katikati ya shamba tupu na nguo zake za harusi, hapungi mkono. Uwanjani mtu alikuwa analia waziwazi, akipenga kamasi. Seng hakuona wala hakusikia. Babu hakuwahi kumkataa! Hakuwahi kumkasirikia, hakuwahi kuulizwa, mzee wa watu! Alikuwa akiletewa picha za mapanga na za mizimu jioni baada ya jioni, akizitazama kwa adabu, bila kujua anabembelezwa kwa ajili ya nini. Na yeye Seng alijifunga vifungo mpaka shingoni miaka yote hiyo akidhani amelaaniwa, kumbe kulikuwa na kijana mmoja tu mwoga.

Alimzaba Tek kofi.

Halikuwa kofi la mchezo. Lililia kama ubao uliodondoka, na vichwa vyote vya safu za nyuma vikageuka, kisha vya mbele. Lo alisimama kwenye kiti chake. "Kuna nini huko? Mwenyekiti! Kuna nini?"

Tek alikuwa ameshika shavu. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na hakuyafuta.

"Mbu," alisema.

"Mbu?"

"Mbu, mwalimu. Kaniulia mbu."

Lo aliguna, akakaa. Watu wakarudi kwenye picha yao. Siu-gim ndiye aliyebaki amegeuka. Aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, punje ya karanga kati ya vidole.

"Baridi hii," alisema, "mbu atoke wapi?"

Kisha aligeuka mbele akaendelea kumenya. Seng alikaa kwenye bampa la lori, akafungua kifungo cha shingoni kwa sababu alikuwa hapati hewa, na akalia kama anavyolia mtu aliyepewa habari ya msiba akiwa amechelewa kuzika. Tek hakumgusa, na hakuondoka. Alisimama pale kando yake, shavu likimuwaka mbele ya watu wote, mpaka jina la mwisho likapita kwenye kitambaa na Seng akanyanyuka kuzima mashine.